Kwa Nini Sato wa Kufugwa Hupinda Mgongo

Mnunuzi akimwona sato mwenye mgongo uliopinda, mara nyingi humrudisha mezani kwa muuzaji. Wapo pia wanaohofia kwamba mama mjamzito akimla samaki huyo atazaa mtoto mwenye ulemavu. Hofu hiyo haina msingi, lakini mgongo uliopinda una sababu, na kwa samaki wa kufugwa sababu mojawapo iliyo kubwa ni chakula.

Mfupa wa samaki, kama wa binadamu, hujengwa kwa madini ya kalsiamu na fosforasi yanayojipanga juu ya nyuzi za protini. Tofauti ipo katika njia ya kuyapata. Binadamu hupata madini yote mawili kwa kula na kunywa. Samaki hufyonza sehemu kubwa ya kalsiamu moja kwa moja kutoka majini kupitia matamvua, yaani mashavu yake. Fosforasi majini huwa kidogo mno, hivyo hana budi kuipata katika chakula. Ndiyo maana mtoto hupata matege kwa kukosa vitamini D au kalsiamu, ilhali sato huharibika mifupa kwa kukosa fosforasi.

Wafugaji wadogo wengi hulisha pumba za mahindi au za mpunga pamoja na mashudu. Zikipimwa maabara, pumba huonekana kuwa na fosforasi tele. Hapo ndipo wengi hupotoka, kwani takribani theluthi mbili yake, na zaidi katika pumba za mpunga, imefungwa ndani ya kemikali iitwayo faiteti, na sato hana kimeng'enya cha kutosha cha kuifungua. Hupita tumboni na kutoka na kinyesi. Katika bwawa la udongo lililotiwa samadi, viumbe wadogo wa majini huziba sehemu ya pengo hilo. Katika vizimba na matangi yaliyosongamana samaki, msaada huo ni haba, na pumba zilezile zilizotosha bwawani huwa hazitoshi.

Kupinda mgongo ni dalili ya kuchelewa. Kwanza samaki hudumaa, hujaa mafuta mwilini, na mifupa yake huwa laini. Baadaye mbavu hujikunja, vifuniko vya mashavu huumbika vibaya, na misuli ya kuogelea huvuta uti wa mgongo uliolegea hadi ukapinda. Kwa hiyo mfugaji anayewaona samaki wachache waliopinda na kuwatupa hajamaliza tatizo: wenzao walionyooka wanaweza kuwa na mifupa laini vilevile, jambo ambalo hubainika kwa eksirei au kwa kupima majivu ya mfupa.

Hata hivyo, si kila mgongo uliopinda ni wa fosforasi. Upungufu wa vitamini C na kuzalishana kwa samaki wa ukoo mmoja huleta sura hiyohiyo. Vivyo hivyo bakteria wa jamii ya wale wa kifua kikuu, na hapa mhudumu wa afya awe macho. Samaki aliyekonda, mwenye vidonda au vivimbe, hafai kuliwa wala kuparuliwa kwa mikono mitupu. Bakteria aitwaye Mycobacterium marinum huingia kwa binadamu kupitia mchubuko na kusababisha uvimbe au kidonda cha mkononi kisichopona kwa wiki nyingi. Mgonjwa wa namna hiyo aulizwe kama hushika samaki. Aliyepinda kwa kukosa fosforasi pekee haambukizi chochote, na nyama yake huliwa kama ya mwingine.

Tiba iko kwenye chakula. Sato huhitaji fosforasi inayofyonzeka ipatayo asilimia 0.4 hadi 1 ya chakula chake. Dagaa waliosagwa na mifupa yao humfaa, kwa kuwa tumbo lake lina asidi kali inayoyeyusha mifupa. Samaki aina ya kapu, asiye na tumbo la asidi, hanufaiki hivyo. Chumvi za fosfeti zinazouzwa kwa ajili ya mifugo hufaa pia, au kimeng'enya cha faitesi kinachofungua fosforasi ya pumba. Kuzidisha fosfeti hakumwongezei samaki afya. Huishia majini na kustawisha mwani. Mgongo uliokwisha kupinda kwa kawaida haunyooki tena, hivyo chakula kirekebishwe tangu vifaranga wanapoingizwa, kwa maana hao ndio wanaojenga mifupa kwa kasi zaidi.