Winchi ya Gari: Tofauti ya Bei na Tofauti ya Kazi

Katika mabonde ya Kilombero na Rufiji, na katika mbuga za Wembere na Usukumani, udongo mweusi wa mfinyanzi hubadilika tabia kwa majira. Wakati wa kiangazi huwa mgumu na wenye nyufa. Mvua zinapoanza hunywa maji, huvimba na kugeuka tope zito linalonata, ambalo hata gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne huzama ndani yake. Huenda gari hilo limebeba chanjo zinazopaswa kukaa baina ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na barafu iliyomo sandukuni haisubiri trekta lije kutoka kijiji cha jirani. Ndiyo sababu baadhi ya magari ya huduma na ya utafiti hufungwa winchi ya umeme kwenye bampa la mbele.

Mnunuzi anapoitafuta winchi hiyo aghalabu hukuta mbili zilizo karibu sawa kwa umbo. Zote zimeandikwa paundi 9,500, yaani kilo 4,300 hivi. Lakini bei ya moja ni mara tatu au nne ya bei ya nyingine. Je, ziada hiyo ni thamani ya kweli, au ni thamani ya jina tu? Makala hii inakusudia kumpa msomaji misingi ya kujibu swali hilo mwenyewe, kwa kutumia elimu ya mashine na umeme inayofundishwa katika shule zetu za sekondari.

Gari lililokwama huhitaji kani gani?

Kwanza yafaa tujue kazi yenyewe. Miongozo ya jeshi la Marekani ya kunasua magari hutoa makadirio mepesi kukumbuka: tope likifika kimo cha magurudumu, kani inayohitajika ni sawa na uzito wote wa gari, likifika kwenye madigadi, kani hiyo ni mara mbili ya uzito. Gari la kazi kama Land Cruiser likiwa na mizigo na abiria hufikia kilo 3,000 hivi. Basi tope la kwanza lataka kani ya kilo 3,000, na tope la pili lataka kilo 6,000. Kanuni iliyozoeleka ya kuchagua winchi yenye uwezo wa mara moja na nusu ya uzito wa gari, yaani kilo 4,500 kwa gari letu, imekaa katikati ya hali hizo mbili.

Maana ya namba iliyoandikwa

Namba iliyoandikwa juu ya winchi ni ya kweli kwa safu ya kwanza tu ya kamba kwenye dramu. Sababu yake ni ile ile ya nyenzo: kadiri kamba inavyokaa mbali na kitovu cha dramu, ndivyo mota inavyopungukiwa na nguvu ya kuivuta.

Tuchukue dramu yenye kipenyo cha milimita 64 na kamba yenye unene wa milimita 9. Katika safu ya kwanza, kipenyo kinachofanya kazi, kikipimwa katikati ya kamba, ni milimita 73. Kwa kuwa kila safu hulala katika vijia vya safu iliyo chini yake, safu ya pili huwa na milimita 89 hivi, ya tatu 104, na ya nne 120. Basi winchi ya kilo 4,300 huvuta kilo 3,500 katika safu ya pili, 3,000 katika safu ya tatu, na 2,600 tu katika safu ya nne. Dereva anayevuta kwa mita chache za kamba, huku nyingine yote ikiwa imezungushwa kwenye dramu, anatumia winchi iliyopungukiwa na takriban mbili ya tano ya uwezo wake, hata kama aliinunua kwa bei kubwa kuliko zote. Kwa maneno mengine, apatacho ni tatu ya tano tu ya namba aliyoilipia.

Sheria hii haibagui winchi rahisi na winchi ghali. Tofauti yao imo katika kitu kingine, nacho ni joto.

Umeme huenda wapi?

Winchi ya volti 12 inapovuta kwa uwezo wake wote hutumia mkondo wa ampia 400 hivi, au zaidi. Alteneta ya gari haiwezi kutoa hata nusu ya mkondo huo. Sehemu kubwa hutoka katika betri, ambayo volti zake hushuka. Tukikadiria volti 11, nishati inayoingia ni wati 4,400.

Sasa tupime kazi inayotoka. Kani ya kilo 4,300 ni nyutoni 42,000 hivi. Kamba ikienda kwa mwendo wa mita 1.2 kwa dakika, ambao ni wa kawaida chini ya mzigo mkubwa, kazi inayofanyika ni wati 840. Hiyo ni kama sehemu moja ya tano ya nishati iliyoingia. Wati 3,500 zilizosalia hugeuka joto katika mota, gia, nyaya na swichi. Ni joto la majiko mawili au matatu ya umeme, nalo limefungiwa ndani ya chombo kisichozidi ukubwa wa debe.

Hapana budi basi winchi yoyote ifanye kazi kwa vipindi: kuvuta kwa dakika moja hivi, kisha kupumzika kwa dakika kadhaa huku injini ikiendelea kuijaza betri. Asiyefanya hivyo ataunguza winchi rahisi mapema, na winchi ghali baadaye kidogo.

Fedha ya ziada hununua nini?

Kwanza hununua mota. Winchi nyingi za bei ya chini, hasa zile ndogo, zina mota ya sumaku za kudumu. Mota hiyo hutumia mkondo mdogo kwa mizigo myepesi, lakini hupata joto haraka, na sumaku zake hudhoofu zinapopata joto. Mota ya koili, ambayo uga wake wa sumaku hutokana na mkondo wenyewe, huvumilia mzigo mzito kwa muda mrefu zaidi. Hata baina ya mota za koili kuna tofauti ya wingi wa shaba iliyomo, na pengine ya kifaa cha kuukata umeme joto linapozidi.

Pili, hununua gia na breki. Winchi nyingi za siku hizi hutumia gia za sayari, ambazo ni ndogo na hazipotezi nishati nyingi, lakini haziwezi kuuzuia mzigo zenyewe. Hutegemea breki, ambayo aghalabu imefichwa ndani ya dramu. Gia ya parafujo huzuia mzigo yenyewe, lakini hupoteza zaidi ya nusu ya nishati kwa msuguano. Ubora wa breki hauonekani dukani. Huonekana pale gari linaponing'inia kwenye ukingo wa korongo.

Tatu, hununua kinga dhidi ya maji na vumbi. Nchini mwetu sehemu hii pengine ndiyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa winchi nyingi hazifi kwa kuvuta bali kwa kukaa. Maji ya mito inayovukwa huingia katika mota na katika swichi za sumaku, kutu hushika, na siku ya haja winchi hunyamaza. Alama ya IP67 ina maana kwamba vumbi haliingii kabisa, na kwamba chombo kimestahimili kuzamishwa katika maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Winchi isiyo na alama ya namna hiyo yafaa ifunikwe na ijaribiwe kila mwezi.

Nne, hununua vipuri na ukweli wa maandishi. Kampuni ya Warn ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilianza kuuza winchi yake iitwayo 8274 mwaka 1974, na hata leo zipo zinazotengenezeka. Kwa upande mwingine, winchi nyingi za bei nafuu hutengenezwa China, na mara nyingine chombo kile kile huuzwa kwa majina mbalimbali. Jina likitoweka sokoni, vipuri hutoweka nalo. Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kila kitokacho China ni dhaifu, kwani makampuni yenye sifa nayo huuza winchi za daraja la chini zilizotengenezwa huko.

Mnunuzi anaweza kuupima ukweli wa maandishi kwa kalamu na karatasi. Azidishe kani kwa mwendo unaodaiwa. Mathalani, kilo 4,300 kwa mita 7 kwa dakika ni wati 4,900; ikiwa mota imeandikwa wati 4,000, basi madai hayo hayawezekani, maana hakuna mashine itoayo kazi zaidi ya nishati iliyopewa. Kadhalika, adai jedwali la kani kwa kila safu ya kamba, pamoja na ampia zake. Muuzaji asiye na jedwali hilo hajui anachouza.

Kamba ya waya au ya nyuzi?

Kamba ya nyuzi za polietilini, kama zile ziitwazo Dyneema, ni nyepesi sana kuliko waya wa chuma, na ikikatika hairuki kwa ukali ule ule. Lakini huyeyuka katika joto la nyuzi 150 hivi, na hudhoofu kabla ya hapo. Kwa hiyo haipatani vema na breki iliyo ndani ya dramu, hasa gari linaposhushwa mteremkoni. Tena jua na mchanga huila. Waya wa chuma huvumilia mawe na jua, ila hushika kutu, na ukikatika waweza kuua. Kwa vyovyote vile, blanketi zito litandikwe juu ya kamba, watu wakae mbali, na mtu asiiruke kamba iliyokazwa.

Roda: msaada usio ghali

Kamba ikipitishwa katika roda iliyofungwa mtini na kurudishwa kwenye gari, kani inayolivuta gari hukaribia mara mbili, na mwendo hupungua kwa nusu. Mkondo wa umeme hupungua, joto hupungua, na kwa kuwa kamba nyingi imetoka, dramu hufanya kazi katika safu za chini. Hivyo winchi rahisi yenye roda huweza kulitoa gari ambalo winchi ghali isiyo na roda imelishindwa. Masharti ni mawili: pande mbili za kamba zikaribiane, kwani zikiachana kwa pembe ya nyuzi 120 faida yote hupotea, na mti wenyewe uwe imara, maana nao huvutwa kwa kani maradufu.

Yafaa pia tukumbuke kwamba winchi ya bampa la mbele huvuta mbele tu, ilhali njia njema ya kutoka topeni mara nyingi ni kurudi ulikotoka. Winchi ya mkono ya aina ya Tirfor, ya kilo 1,600 au 3,200, haihitaji betri, nayo hufungwa upande wowote.

Uamuzi

Kwa hiyo swali la bei hujibiwa kwa kutazama matumizi. Gari linalosafiri pamoja na magari mengine, na kukwama mara chache kwa mwaka, hutosheka na winchi ya bei ya kadiri yenye mota ya koili, almuradi fedha iliyookolewa inunue roda, mkanda mpana wa kufungia mtini, koleo na betri imara. Gari linalokwenda peke yake siku nyingi mbali na msaada, au linalobeba wagonjwa na dawa, lastahili winchi bora yenye kinga ya maji na vipuri vya uhakika. Lakini idara iliyo na fedha ya winchi moja ghali, isiyo na fedha ya kumfundisha dereva, yafaa inunue ile rahisi na kumpeleka dereva mafunzoni. Mafunzo hayo yatamfaa hata siku ambayo winchi imekataa kuwaka.