Semina za Biashara ya Fedha za Kigeni: Zipimwe kwa Mzani Gani?

Uchumi wa Chunya, mkoani Mbeya, umefungamana na fedha za kigeni kwa muda mrefu. Dhahabu ya Lupa, iliyovuta maelfu ya wachimbaji katika miaka ya 1930, iliuzwa ng'ambo. Hata leo bei katika soko la madini la Chunya, lililoanzishwa mwaka 2019, hufuata bei ya dunia, ambayo hutajwa kwa dola za Marekani kwa kila wakia, yaani gramu 31.1. Shilingi ikipanda au ikishuka mbele ya dola, mchimbaji huona tofauti katika malipo yake. Si ajabu, basi, kwamba tangazo la semina ya kufundisha biashara ya fedha za kigeni kwa njia ya simu humvutia mwananchi wa mahali kama hapo. Swali ni moja: je, semina hiyo inastahili kiingilio chake?

Nyenzo na hatari yake

Soko la fedha za kigeni ni kubwa mno. Mwezi Aprili 2022 lilikadiriwa kufikia dola trilioni 7.5 kwa siku, nyingi zikiwa za mabenki na makampuni. Mtu mwenye mtaji mdogo huingia kwa kupitia dalali, ambaye humpa nyenzo. Kama vile mtaimbo unavyomwezesha mchimbaji kuinua jiwe lililomzidi nguvu, nyenzo ya 1 kwa 100 humwezesha mwenye shilingi 100,000 kushika biashara ya shilingi 10,000,000. Bei ikienda upande wake kwa asilimia 1 tu, hupata shilingi 100,000. Ikienda upande wa pili kwa kiasi hicho hicho, mtaji wake wote hutoweka. Mabadiliko ya asilimia 1 yaweza kutokea katika siku moja.

Zaidi ya hayo, dalali hununua kwa bei ndogo kuliko anayouzia, na tofauti hiyo hukatwa katika kila biashara, iwe ya faida au ya hasara. Anayefanya biashara mara nyingi hukatwa mara nyingi.

Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya dhamana ya Umoja wa Ulaya ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu binafsi katika mikataba ya kubashiri mabadiliko ya bei, zikiwemo bei za fedha, zilipata hasara. Kwa sababu hiyo nyenzo katika fedha kuu iliwekewa kikomo cha 1 kwa 30.

Ushahidi wa mshindi mmoja

Katika semina nyingi husimamishwa kijana aliyefanikiwa, atoe ushuhuda wake. Ushahidi huo una uzito gani? Tuseme watu 1,024 wanabashiri sarafu itaangukia upande gani, mara 10 mfululizo. Kwa kawaida ya hesabu, yatarajiwa kwamba mmoja wao atapatia mara zote 10, pasipo ujuzi wowote. Akipandishwa jukwaani peke yake ataonekana bingwa, kwa kuwa wale 1,023 hawakualikwa. Kwa hiyo swali la kuuliza si nani aliyeshinda, bali ni wangapi waliofundishwa, na wangapi kati yao walio na faida baada ya mwaka mmoja.

Hesabu ya mwalimu

Mwalimu akidai kwamba mbinu yake huleta faida ya asilimia 10 kila mwezi, dai hilo lipigiwe hesabu. Shilingi 1,000,000, faida ikirudishwa katika mtaji, itazidi milioni 3 kwa mwaka, milioni 300 kwa miaka mitano, na bilioni 90 kwa miaka kumi. Mwenye mbinu kama hiyo hana haja ya viingilio. Ni haki basi kumwuliza pato lake latoka wapi: katika biashara yenyewe, katika ada za wanafunzi, au katika ujira anaolipwa na dalali kwa kila mtu anayemfungulisha akaunti?

Iwapo pato hutegemea kuleta watu wapya, tahadhari iongezwe. Mwaka 2009 Watanzania wengi waliokuwa "wamepanda mbegu" katika DECI walijifunza kwa uchungu kwamba faida ya waliotangulia ilitokana na fedha za waliofuata.

Kabla ya kulipa

Ni busara kuiuliza Benki Kuu ya Tanzania au Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kama dalali anayetajwa ana leseni nchini. Mbinu yenyewe yaweza kujaribiwa kwa miezi kadhaa katika akaunti ya majaribio, isiyotumia fedha halisi, huku kila faida na kila hasara ikiandikwa daftarini.

Semina inayoeleza kwa nini shilingi hupanda na kushuka, ikataja gharama na hasara waziwazi, wala isimlazimishe mtu kufungua akaunti, yaweza kumfaa hata muuza dhahabu asiyekusudia kubashiri bei. Semina inayokataa kutoa hesabu za wanafunzi wake wote haifai kulipiwa. Mchimbaji wa Chunya hapeleki mawe kwenye karasha kwa kuonyeshwa punje moja inayong'aa; kwanza huchukua sampuli, akazisaga na kuziosha katika karai. Fedha alizozitoa ardhini kwa jasho zastahili uangalifu uo huo.