Shambulio la Moyo: Utangulizi kwa Msomaji Mgeni

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari wengi waliamini kuwa mshipa unaolisha moyo ukiziba ghafla, mtu amekwisha. Mwaka 1912 James Herrick, daktari wa Chicago, aliandika makala akisema sivyo: wapo wanaopona, na ugonjwa huu unaweza kutambuliwa mgonjwa angali hai, bila kusubiri apasuliwe akiwa maiti. Makala ile ilipita kimyakimya. Lakini taaluma unayoikaribia sasa, msomaji, imesimama juu ya hoja yake, ndiyo maana naanza na Herrick kabla ya mchoro wa moyo.

Mchoro nao tunauhitaji kidogo. Moyo hujaa damu, ila msuli wake haulishwi na damu ile ipitayo ndani. Hulishwa na mishipa inayotambaa juu yake. Kwa miaka mingi mafuta hujijenga katika kuta za mishipa hiyo, yakichochewa na sigara, presha na kisukari. Siku moja utando unaoyafunika hupasuka, damu huganda pale, na bonge hilo hufunga njia. Kinachowashangaza wanafunzi wangu kila mwaka ni kwamba mara nyingi panapopasuka sipo palipokuwa pamebana zaidi. Aliyepanda ngazi jana bila kuhema anaweza kuanguka leo, na yale maneno ya msibani, “alikuwa mzima kabisa”, huwa kweli.

Kuanzia hapo ni mbio na saa. Msuli uliokosa damu huanza kufa ndani ya nusu saa hivi, na kufa huko huenea kwa saa kadhaa. Utafiti wa ISIS-2, uliochapishwa mwaka 1988 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 17,000, ulionyesha kuwa aspirini peke yake, kidonge cha bei ya pipi, ilipunguza vifo kwa takriban robo. Ikiunganishwa na dawa ya kuyeyusha bonge, kwa takriban asilimia 40. Kabla ya hapo, mwaka 1977, Andreas Grüntzig alikuwa ameupanua mshipa wa moyo kwa puto dogo huko Zürich. Leo kazi hiyo hufanyika hata Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

Ila puto humngoja mtu afike. Kwa maoni yangu, kwetu wengi hupotea kwa sababu maumivu yao yameitwa vidonda vya tumbo, gesi, kichomi, au jicho la mtu. Wala si kosa la wanafamilia peke yao. Katika hospitali moja ya rufaa kaskazini mwa Tanzania, watafiti waliwapima watu waliofika kitengo cha dharura. Wengi wa waliokuwa na shambulio la moyo walikuwa wameambiwa wana ugonjwa mwingine, na zaidi ya theluthi walifariki ndani ya siku 30.

Maumivu yenyewe kwa kawaida hayachomi kama mwiba. Ni uzito, ni kubanwa. Mgonjwa haonyeshi kwa kidole kimoja. Hukunja ngumi akaiweka katikati ya kifua, ishara iliyopewa jina la daktari Samuel Levine. Yanaweza kushuka mkono wa kushoto au yote miwili, kupanda shingoni na kwenye taya, kutokeza mgongoni, au kutua kwenye chembe cha moyo, na hapo ndipo dawa za tumbo huanza kununuliwa. Jasho jembamba la baridi, kichefuchefu na kukosa pumzi huandamana nayo. Kwa baadhi ya wanawake, wazee na wenye kisukari, kifua huenda kisiume kabisa: ni uchovu wa ghafla tu na pumzi kukatika. Wengine huonywa wiki kadhaa mapema. Kifua hubana wakipanda kilima, kikaachia wakipumzika. Siku kikibana wameketi, hakuna tena kungoja kesho.

Usichanganye hali hii na moyo kusimama. Mwenye shambulio huongea na kulalamika. Aliyesimama moyo ameanguka, haitiki, hapumui kawaida, na anahitaji kukandamizwa kifua kwa nguvu mara 100 hadi 120 kwa dakika, papo hapo. La kwanza linaweza kuzaa la pili njiani, hivyo mgonjwa asiendeshe gari wala asisafiri peke yake.

Basi dalili hizi zikimpata mzazi, jirani au wewe mwenyewe, mgonjwa aketi, atafune aspirini ya miligramu 300 ikiwa haimdhuru na hatokwi damu tumboni, kisha apelekwe mara moja hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo. Mapokezini sema wazi: “Tunahofia moyo, tunaomba apimwe sasa.” Kipimo cha kwanza kikitoka safi na maumivu bado yapo, omba kirudiwe, kwa kuwa cha kwanza huweza kutoonyesha chochote.