Kwa Nini Kompyuta ya Mishahara Hukwama?



Katika mashamba na viwanda vingi siku hizi, kilo za chai tulizochuma, saa tulizofanya kazi na makato yetu ya NSSF (hapa Uganda asilimia 5 kutoka kwetu na 10 kutoka kwa mwajiri) huandikwa katika kompyuta. Ikikwama mwisho wa mwezi, mishahara huchelewa na karani ndiye hulaumiwa. Yafaa tujue chanzo.

Mara nyingi kompyuta ya chuma huwa moja tu, lakini ndani yake hugawanywa mashine kadhaa ziitwazo mashine pepe. Kila moja hudhani ina diski yake na waya wake wa mtandao. Jambo hili si jipya: IBM ilitoa mfumo wa VM/370 mwaka 1972.

Tufikirie karakana ya Katwe, hapa Kampala, kwa mafundi wa milango, sigiri na mashine za kusaga mahindi. Mafundi kumi wako chini ya bati moja, stoo ni moja, na ufunguo anao mnyapara. Fundi akitaka nati moja huweka nyundo chini, humwita mnyapara, husubiri, kisha huanza tena. Nyundo haina kosa; safari za stoo ndizo zinazokula siku. Vivyo hivyo mashine pepe huhesabu upesi, lakini kila inapotaka kusoma au kuandika katika diski ya kuigizwa, husimamishwa ili programu msimamizi imfanyie kazi hiyo.

Dawa zipo.

Kwanza, kuigiza vifaa vya zamani kuachwe. Mfumo wa virtio, alioueleza Rusty Russell mwaka 2008, ni kama ubao mlangoni mwa stoo: fundi huandika mahitaji mengi pamoja, kisha hupiga kengele mara moja. Lakini lazima mashine pepe iwekewe draiva yake.

Pili, kifaa chaweza kukabidhiwa mashine moja moja kwa moja, kama fundi aliyepewa ufunguo wa kabati lake. Kazi huenda mbio, ila kuihamishia mashine hiyo kwenye kompyuta nyingine huwa kugumu.

Tatu, msongamano upunguzwe. Diski moja ya kuzunguka haiwezi kuhudumia mashine nyingi kwa pamoja. Diski za SSD husaidia sana. Tena kunakili akiba kusifanywe saa ile ile ya kuhesabu mishahara.

Tahadhari! Iko njia ya mkato ambayo mashine huambiwa "yamekwisha andikwa" kumbe maandishi yangali katika kumbukumbu ya muda. Kasi huongezeka, lakini umeme ukikatika maandishi hayo hupotea. Nani atalipa kilo za siku nzima za mchumaji?

Basi wajumbe wetu wakikutana na mwajiri waulize: Je, draiva zinazofaa zimewekwa? Mashine ngapi zinagombea diski moja? Umeme ukizimika, hesabu zetu zitabaki salama? Majibu yapatikane kabla karani hajapewa barua ya onyo, na kabla ya kununua kompyuta mpya itakayokwama vile vile.