Je, Wajua? Vidoa Vyeupe Ndani ya Kichwa Kinachouma

Kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo wa Kisumu, maumivu ya kichwa huitwa wich bar: kichwa kupasuka. Kwa majirani zao Abagusii, huko milimani Kisii, kichwa kilipasuliwa kweli. Walikuwa na mtaalamu aitwaye omobari omotwe, mpasuaji wa kichwa. Mtu aliyepigwa rungu, jeraha likapona lakini maumivu yakabaki, alichanwa ngozi ya kichwa, mfupa ukakwanguliwa polepole kutafuta ufa. Edward Margetts, daktari Mkanada aliyefanya kazi katika hospitali ya Mathari, Nairobi, miaka ya 1950, aliandika habari za wapasuaji hao, na hata miaka ya 1980 majarida ya upasuaji yalikuwa bado yanawazungumzia.

Leo kichwa hutazamwa bila kufunguliwa. Lakini kinachotazamwa ni nini hasa?

Aliyewahi kula supu ya kichwa cha mbuzi anaujua ubongo kuliko anavyodhani. Ukate katikati: ukingo wa nje ni wa kijivu, ndani ni mweupe kama mafuta ya mbuzi yaliyoganda. Na weupe huo ni mafuta kweli. Unaitwa mailini, nao huzivika nyuzi za neva kama plastiki inavyouvika waya wa stima. Uzi uliovikwa unaweza kupitisha ujumbe kwa kasi ya mita 100 kwa sekunde. Ulio uchi hujikokota kwa mita mbili au chini ya hapo. Watafiti wa Denmark walikadiria mwaka 2003 kwamba ubongo wa mwanamume wa miaka 20 una kilomita 176,000 hivi za nyuzi zilizovikwa. Zingeizunguka dunia mara nne na ushee kwenye ikweta, ile ile inayokatiza Maseno.

Mashine ya kuzitazama ni MRI. Sumaku yake, mara nyingi ya tesla 1.5, inaishinda sumaku ya dunia mara 30,000 hivi, ndiyo maana funguo, simu na pini za nywele hubaki nje. Haitumii eksirei. Chembe za haidrojeni zilizo katika maji ya mwili hujipanga kwa nguvu ya sumaku, mawimbi ya redio huzitikisa, na zinapotulia hurudisha mawimbi hafifu ambayo kompyuta huyageuza picha. Kelele yake ni ya fundi wa jua kali pale Kibuye akigonga karai, ila safari hii wewe ndiye uliye ndani ya karai.

Kuna kioja hapa. Katika picha inayotumika zaidi kutafuta kasoro, ubongo mweupe huonekana mweusi kuliko ule wa kijivu, maana una maji machache. Basi mahali penye maji ya ziada, pengine mailini imechakaa au kimshipa hakifikishi damu vizuri, hung'aa kama taa za wavuvi wa omena ziwani usiku. Hivyo ndivyo vidoa vyeupe.

Mwaka 2004 Mark Kruit na wenzake wa Uholanzi waliripoti kwamba wanawake wenye kipandauso, yale maumivu ya kichwa yanayorudi-rudi, wana vidoa vingi kuliko wasio nacho. Kwa wanaume tofauti hiyo haikuonekana. Walipowarudia wanawake hao baada ya miaka tisa, vidoa vilikuwa vimeongezeka kwa 77 kati ya kila 100 wenye kipandauso. Na kwa wasio nacho? 60. Nambari hiyo ya pili ndiyo husahaulika watu wanapotishana. Isitoshe, vidoa havikuonekana kuwapunguzia kumbukumbu wala uwezo wa kufikiri.

Wala kidoa chenyewe hakiumi. Nyama ya ubongo haina hisia ya maumivu. Kinachouma ni utando unaoufunika pamoja na mishipa ya damu. Omobari alitafuta ufa mfupani, sisi tunatafuta nukta katika picha, na mara nyingi maumivu hayako kwenye kimoja wala kingine. Wengi wenye kipandauso hutoka kwenye mashine na picha safi kabisa, kichwa kikiendelea kugonga.

Kwa mkazi wa kando ya ziwa, kichwa kikija na homa, atangulie kupimwa malaria, sumaku ingoje. Kichwa cha kukimbilia hospitali ni kile kinacholipuka ghafla kwa maumivu ambayo hujawahi kuyaona, au kinachokuja na shingo ngumu, degedege, mkono uliolegea au ulimi mzito. Na anayemeza dawa za maumivu za dukani nusu ya mwezi, kila mwezi, ajue kwamba dawa hizo zenyewe huweza kuzaa maumivu ya kichwa.

Ripoti yako ikitaja vidoa vyeupe, kabla ya kupoteza usingizi omba upimwe presha. Presha iliyopanda ni miongoni mwa mambo yanayojulikana sana kuviongeza, na kipimo chake ni mkanda wa mkononi na dakika chache tu.