Ndege Ikichelewa, Nani Alipe Garimoshi?

Safari za ng'ambo siku hizi si za mabwana wakubwa peke yao. Mfanyakazi hupelekwa na chama chake kwenda kujifunza. Muuguzi huitwa kwenda kuajiriwa. Kijana hupata nafasi katika chuo kikuu. Mama huenda kumtazama binti yake aliyejifungua ugenini. Watu hawa wote hufanana kwa jambo moja, nalo ni kwamba fedha ya nauli yao haikuokotwa njiani. Imechangwa na ukoo mzima, au imekopwa katika chama cha ushirika na italipwa kidogo kidogo kwa kukatwa mshahara.

Kwa sababu hiyo tikiti ya ndege huangaliwa sana. Watu huulizana bei kwa miezi, hulinganisha shirika hili na lile, na hata siku ya kuondoka huchaguliwa kwa kufuata unafuu. Lakini ndege haimfikishi kila mtu aendako. Humshusha katika kiwanja kikubwa, na kutoka hapo yampasa apande garimoshi. Tikiti hii ya pili, kwa kuwa ni ndogo kuliko ile ya kwanza, hununuliwa bila kufikiriwa sana. Na hapo ndipo wengi hupata hasara ambayo hawakuitazamia.

Tuchukue mfano wa kijana anayetoka Nairobi kwenda kusoma Sheffield, mji wa Uingereza uliojulikana tangu zamani kwa wafua chuma wake. Ndege yake yatazamiwa kutua Heathrow, karibu na London, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Magarimoshi ya kwenda Sheffield huondoka katika stesheni ya St Pancras, iliyo ndani ya mji. Kijana huyu anunue tikiti gani, na ainunue lini?

Yafaa kwanza tujue kwamba katika reli za Uingereza tikiti za safari ndefu ni za namna tatu. Ya kwanza huitwa Advance, yaani ya kununuliwa mapema. Hii ndiyo ya bei ya chini, na mara nyingi huanza kuuzwa wiki kumi na mbili hivi kabla ya safari. Lakini unafuu wake una sharti lake: imefungwa kwa garimoshi moja tu, lile lililoandikwa juu yake. Ukilikosa garimoshi hilo, tikiti yako imekufa. Hurudishiwi fedha yako kwa sababu ya kuchelewa kwako, na ukitaka kuendelea na safari yakupasa ununue tikiti nyingine kwa bei ya siku hiyo.

Ya pili huitwa Off-Peak. Hii haikufungwa kwa garimoshi moja, bali hukataza saa zile za msongamano, hasa asubuhi za siku za kazi. Ya tatu ni Anytime, nayo ni ghali kuliko zote, lakini mwenye nayo hupanda garimoshi lo lote, saa yo yote ya siku ya safari yake.

Sasa hapa pana jambo ambalo wageni wengi hawalijui, nalo ndilo kiini cha maneno yetu leo. Bei ya tikiti ya Advance hupanda kadiri nafasi zinavyopungua, kama bei ya tikiti ya ndege. Mtu aliyezoea mambo ya ndege hudhani kwamba tikiti zote za reli ziko hivyo, na kwamba asiponunua leo ataumia kesho. Sivyo. Katika njia nyingi za Uingereza, tikiti za Off-Peak na za Anytime zina bei iliyokwisha kuwekwa. Ukiinunua mwezi mmoja kabla, au dakika kumi kabla ya kupanda, unalipa bei ile ile. Basi mwenye kutaka tikiti ya namna hii hana haja ya kujifunga mapema. Angoje mpaka atue, atoke nje, afike stesheni, ndipo alipe.

Na tuhesabu hesabu ya kijana wetu. Ndege ikitua kwa wakati wake, itamchukua muda kushuka, kisha atasimama katika mstari wa maofisa wa uhamiaji, ambao wakati mwingine huwa mfupi na wakati mwingine huzidi saa nzima. Baada ya hapo atangoja masanduku yake na kupita forodha. Kutoka Heathrow atapanda reli ya chini ya ardhi, njia iitwayo Piccadilly, ambayo imefika kiwanjani hapo tangu mwaka 1977, nayo itamfikisha King's Cross St Pancras kwa muda wa karibu saa moja. Akifika huko ni saa tatu kasoro, au saa tatu na nusu, au hata saa nne. Katika njia nyingi saa za msongamano wa asubuhi zinakwisha wakati kama huo. Tikiti ya Off-Peak yamfaa kabisa, na hata kama ndege imechelewa saa tano, haikuharibika, kwa sababu alikuwa hajaifunga kwa saa fulani.

Je, tuseme kwamba tikiti ya Advance ni mtego na kila mtu aikimbie? La, hasha. Tofauti ya bei yaweza kuwa kubwa, na maskini hana anasa ya kudharau tofauti hiyo. Illa aitumie kwa akili. Achague garimoshi linaloondoka saa nne au zaidi baada ya wakati wa ndege kutua, wala asichague la saa mbili kwa kuwa ana haraka ya kufika. Akiwahi mapema, aketi stesheni anywe chai. Kungoja saa mbili katika stesheni ni uchovu tu; kulikosa garimoshi ni fedha. Na akinunua, aitazame ile fedha kama kitu anachoweza kukipoteza. Ikiwa hawezi kukipoteza, basi tikiti hiyo siyo yake.

Wapo watakaouliza: kosa ni la ndege, kwa nini nilipe mimi? Swali hili ni la haki kabisa, na jibu lake ni chungu. Mtu anaponunua tikiti ya ndege mahali pamoja na tikiti ya garimoshi mahali pengine, amefanya mikataba miwili isiyojuana. Shirika la ndege liliahidi kumfikisha Heathrow, wala halikuahidi kumfikisha Sheffield. Kampuni ya reli nayo iliahidi kumchukua saa fulani kutoka St Pancras, na saa hiyo garimoshi lilikuwapo. Kanuni za reli za Uingereza humlinda abiria aliyekosa garimoshi la pili kwa sababu garimoshi la kwanza lilichelewa. Huyo huruhusiwa kuendelea na safari. Lakini aliyecheleweshwa na ndege hahesabiwi humo. Kati ya mikataba hiyo miwili pana shimo, na anayetumbukia ni msafiri.

Sheria za kimataifa zipo. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya, Tanzania na Uingereza zimo ndani yake, wasema kwamba shirika la ndege hubeba dhamana ya hasara inayotokana na kuchelewa, isipokuwa lithibitishe kwamba lilifanya yote yapasayo ili kuizuia. Kadhalika Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zina kanuni za kumlipa fidia msafiri aliyefika kwa kuchelewa saa tatu au zaidi. Kwa safari ndefu, kanuni ya Uingereza hufikia pauni 520. Lakini isomwe vizuri. Kwa anayetoka Afrika kwenda London, kanuni hiyo humhusu akiwa amepanda ndege ya shirika la Uingereza au la Ulaya. Akipanda ndege ya shirika la kwetu, au la nchi za Ghuba, kanuni hiyo haimgusi. Na hata anayehusika hanyoshewi fidia ikiwa kuchelewa kulitokana na dhoruba au jambo jingine lisilo katika uwezo wa shirika. Kwa hiyo kila aliyecheleweshwa na atunze kipande cha tikiti yake, na stakabadhi ya tikiti mpya aliyonunua, na aombe maelezo ya sababu ya kuchelewa. Madai bila karatasi ni maneno matupu.

Lakini kwa nini shimo hili liwepo? Zipo nchi zilizoonyesha kwamba laweza kuzibwa. Katika kiwanja cha Charles de Gaulle, karibu na Paris, pana stesheni ya magarimoshi ya kasi tangu mwaka 1994. Huko msafiri aweza kununua safari ya ndege na ya garimoshi kwa mkataba mmoja. Ndege ikichelewa, hutiwa katika garimoshi linalofuata bila kuongeza kitu. Katika Ujerumani shirika la reli na mashirika mengi ya ndege yamepatana kuuza tikiti iitwayo Rail&Fly. Mwenye nayo hupanda garimoshi alitakalo siku ile anayofika, au siku inayofuata. Hafungwi kwa saa. Ndege ikitua asubuhi au ikitua usiku, tikiti yake ni hai.

Tazama basi tofauti ilivyo. Kwa kwanza, hatari ya kuchelewa hubebwa na mashirika makubwa yenye ndege na mabehewa, ambayo kiti kimoja kitupu si kitu kwao. Kwa pili, hatari ile ile huwekwa juu ya mabega ya mtu mmoja mwenye sanduku mkononi na pauni chache mfukoni. Mzigo haukupungua, umehamishwa tu kutoka kwa mwenye nguvu hadi kwa asiye na nguvu. Hilo ndilo jambo la kufikiriwa na kila mtu apendaye haki.

Nasi huku kwetu tusijione kwamba habari hii ni ya Wazungu. Reli mpya ya Kenya kati ya Mombasa na Nairobi ilizinduliwa mwaka 2017. Reli mpya ya Tanzania ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni mwaka 2024, na ikafika Dodoma mwezi wa Julai mwaka huo huo. Leo mtu aweza kushuka ndege Nairobi na kulala Mombasa, au kushuka Dar es Salaam na kuamkia Dodoma, kwa reli. Wapo vijana wetu wanaorudi kutoka kazi za Ghuba wakiwa na akiba ya miaka miwili. Reli ya Mombasa ina magarimoshi machache kwa siku, na tikiti yake huandikwa jina la abiria, garimoshi lake na kiti chake. Stesheni ya Nairobi iko Syokimau, si mbali na kiwanja cha Jomo Kenyatta, lakini mizigo hukaguliwa kabla ya kuingia, na mwenye kufika dakika za mwisho hujuta. Aliyekosa garimoshi moja hangoji dakika thelathini kama wa London; hungoja saa nyingi, au hutafuta pa kulala. Je, haingekuwa jambo jema mashirika yetu ya ndege na ya reli yakakaa pamoja, yakauza tikiti moja kwa safari moja? Reli hizi ni mali ya wananchi. Ni haki zimtazame mwananchi anayeshuka ndege.

Mpaka siku hiyo ifike, msafiri na ajilinde mwenyewe. Tumekwisha kusema habari ya tikiti na ya saa za kungoja. Yamebaki mawili. La kwanza ni hesabu ya saa. Sisi twahesabu saa kutoka mapambazuko, na siku kwa desturi yetu huanza jua linapokuchwa. Tikiti za ng'ambo huhesabu kutoka usiku wa manane mpaka 23:59. Garimoshi lililoandikwa 20:30 ni la saa mbili na nusu usiku. Na lililoandikwa 00:15 Jumatano huondoka usiku ule ule unaofuata mchana wa Jumanne. Atakayekwenda stesheni Jumatano jioni atakuta limekwisha kwenda tangu jana. Tena saa za London ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu wakati wa baridi, na kwa saa mbili wakati wa kiangazi.

La pili ni siku yenyewe. Mwisho wa juma reli za Uingereza hutengenezwa, na magarimoshi hupunguzwa au huzungushwa njia nyingine. Wafanyakazi wa reli nao wana haki zao. Tangu zama za mababu zao wamegoma mara nyingi, na kati ya mwaka 2022 na 2024 waligoma siku nyingi kudai mishahara. Msafiri asiwalaumu, bali aulize mapema. Na kama ni kijana wa umri wa miaka 16 hadi 25, aulizie kadi ya reli ya vijana, ambayo humpunguzia theluthi moja ya nauli nyingi. Punguzo hilo hufaa hata kwenye tikiti isiyofungwa kwa garimoshi moja, na kwa njia hiyo kijana huweza kupata unafuu bila kujitia kitanzi.

Wazee walisema, tahadhari kabla ya hatari. Fedha iliyochangwa na watu ishirini haifai kupotea kwa sababu ya mstari mrefu wa uhamiaji. Anayemsindikiza ndugu yake kiwanjani na amwulize swali moja kabla ya kumpa mkono wa kwaheri: ndege hii ikichelewa, garimoshi lako litakungoja?