Sharti ndani ya funksheni: hesabu ya kutuma pesa nyumbani

Mkazi wa DeSoto, mji ulioko kusini mwa Dallas katika jimbo la Texas, anayetaka kumtumia mzazi wake aliyeko Kisumu au Moshi dola 500, sasa huulizwa swali lenye uzito mpya: analipa kwa njia gani?

Tangu tarehe 1 Januari 2026, serikali ya Marekani inatoza kodi ya asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nchi za nje iwapo mtumaji amelipa kwa fedha taslimu, kwa hawala ya fedha au kwa hundi iliyotolewa na benki yenyewe. Anayelipa kutoka akaunti yake ya benki nchini humo, au kwa kadi iliyotolewa Marekani, hatozwi. Sheria hiyo, iliyotiwa saini Julai 2025, inamfaa sana anayeanza kujifunza kuandika programu za kompyuta, kwani yote imesimama juu ya neno "iwapo".

Funksheni ni fungu la maagizo lililopewa jina. Hupokea taarifa, hufanya kazi yake, kisha hurudisha jibu. Hapa taarifa ni kiasi na njia ya malipo. Jibu ni kodi. Katika lugha ya Python, sharti huwekwa kwa neno if: kama njia ni "taslimu", rudisha kiasi mara 0.01. Dola 500 hurudisha dola 5.

Wengi huishia hapo. Mtumaji akilipa kwa kadi, sharti halitimii, funksheni hufika mwisho bila kurudisha namba, na Python hutoa None, yaani hakuna kitu. Programu ikijaribu kujumlisha 500 na "hakuna kitu", husimama.

Dawa ya haraka ni else: vinginevyo, rudisha sifuri. Lakini dawa hiyo ina hatari yake, tena ya kimya kimya. Mtu akiandika "taslim" bila irabu ya mwisho, au "Taslimu" kwa herufi kubwa, kompyuta hailitambui neno. Huangukia kwenye "vinginevyo" na kutangaza kwamba hakuna kodi. Heri programu iliyosimama, kwani kosa lake huonekana. Hii hutoa jibu lenye sura ya ukweli, na upungufu wa dola 5 hujulikana mteja akiwa tayari dirishani.

Kwa hiyo waandishi makini wa programu huanza na njia zinazotozwa, hawala na hundi zikiwemo. Kisha, kwa elif, hutaja zisizotozwa. Else huachiwa kazi moja tu: kukataa, na kumweleza mtumiaji kwamba njia aliyoandika haitambuliki.